Umeacha kwenda ibadani lakini bado unasali: namna ya kujijengea imani yako mwenyewe

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajamkana Mungu, ila hawezi tena kusema yupo kwa namna ile aliyofundishwa. Ijumaa au Jumapili anabaki nyumbani. Akiulizwa, anajibu "nilikuwa safari". Lakini mtoto akipandisha homa usiku, midomo inaanza kusali yenyewe.

Kama ndiye wewe, si wewe peke yako. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 755,000 waliosema hawana dini. Tanzania hakuna hesabu kama hiyo, kwa sababu sensa zetu hazijauliza dini tangu 1967. Kisheria uko salama: Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya zinakupa uhuru wa kuamini utakacho. Polisi hawatakugongea mlango. Atakayegonga ni shangazi.

Niseme mapema ninavyoliona jambo hili. Wengi wanaokwama hawakwami kwenye swali la Mungu. Dini ilikuwa inawafanyia kazi nyingi kwa mpigo, wao wakaiacha wakidhani inafanya moja tu. Baada ya mwaka mmoja wanajikuta hawana wa kuwazika, hawana wimbo, na hawajui Jumapili asubuhi ni ya nini.

Hatua ya 1: Jua umegombana na nani

Tenganisha ugomvi na watu na ugomvi na mafundisho. Mchungaji aliyesoma mbele ya usharika majina ya wasiomaliza ahadi ya ujenzi, ustadhi aliyekuwa akikuchapa madrasa, mzee wa kanisa aliyemtenga dada yako kwa kupata mimba: hao ni watu. Wengi wakihama msikiti au usharika, moyo unatulia na safari inaishia hapo. Lakini kama usingetulia hata mchungaji angekuwa malaika, kwa sababu huwezi tena kukubali kwamba bibi yako aliyekulea yuko motoni kwa kuwa hakubatizwa, basi ugomvi wako ni na mafundisho. Endelea kusoma.

Andika sababu zako zote kwenye karatasi, kisha kata kila yenye jina la mtu ndani yake. Tazama kilichobaki.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1095 Imamu Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu, alikuwa mwalimu wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wa zama zake walikililia. Ameeleza mwenyewe jinsi misukosuko ya nafsi ilivyombana hadi ulimi ukagoma kufundisha na chakula kikawa hakipiti. Akaaga kwamba anakwenda Hija, huku moyoni amepania kuelekea Sham, yaani Syria. Alitangatanga miaka mingi, Damascus, Baitul Muqaddas (Yerusalemu), Hijazi, na mwishowe akarudi kufundisha akiwa amezama katika usufi. Kwa hiyo hata ile "nilikuwa safari" yako ina wazee wake. Na yeye hakupiga kelele wakati wa kutoka.

Hatua ya 2: Andika unachoamini tayari

Nunua daftari dogo. Usitumie simu, maana simu zetu hushikwa na watoto, wadogo zetu na kila anayetaka kupiga picha.

Usianze kwa kuandika "naamini kwamba". Ukianza hivyo utamwaga katekisimu uliyoikariri, au kinyume chake kwa hasira. Anza na uliyoyatenda. Basi lilipoyumba kwenye kona za Kitonga, ulitamka nini, na ulikuwa unamwambia nani? Mara ya mwisho kuweka nadhiri ilikuwa lini, na uliitimiza? Ukipita makaburini usiku unafanyaje? Ni marehemu gani bado unaongea naye? Pesa ya mtu ilipoingia kwenye simu yako kimakosa, uliirudisha ukimwogopa nani?

Ukurasa mmoja unaweza kuonekana hivi:

"Nyumbani kwa babu nilimwaga maji kidogo chini kabla ya kunywa. Hakuna aliyeniambia. Nikisahau najisikia vibaya."

"Nilirudisha elfu arobaini ya wakala. Mungu hakunijia akilini hata kidogo. Nilimfikiria yule binti wa kibandani, atakatwa mshahara."

"Nikisubiri majibu ya mama hospitali nilisali Baba Yetu. Halafu nikaingia Salamu Maria, mimi niliyesema mambo ya watakatifu basi."

Baada ya wiki tatu au nne za kuandika hivi, gawa ukurasa mpya sehemu nne: *Naamini*, *Nina shaka*, *Siamini tena*, *Sijui*. Kutokana na mistari ile mitatu, mtu huyu angeweza kuweka chini ya *Naamini*: "waliokufa wanastahili heshima" na "wema hauhitaji mlinzi". Chini ya *Nina shaka*: "kuna anayesikia". Si kidogo. Kuna watu wamekaa kanisani maisha yao yote bila kujua hata hayo mawili.

Sharti ni moja: hakuna sentensi inayoingia kwenye *Naamini* bila kisa cha maisha yako chini yake. Sentensi nzuri uliyoisikia kwa mtu, isiyo na kisa, iweke kwenye *Sijui*. Itakaa humo bila kumsumbua mtu.

Hatua ya 3: Orodhesha kazi ambazo dini ilikuwa inakufanyia

Usiipite hatua hii haraka. Kaa na kalamu uandike kila kitu ulichokipata kule, hata kile unachokiona cha kipuuzi.

Dini ilikupa jina. Ilikupa kalenda: Kwaresima, Ramadhani, Maulidi, Noeli, siku za kufunga na siku za kula pilau. Ilikupa mahali pa kusema "nimekosa" na kuambiwa "nenda kwa amani". Ilikukusanyia pesa zako na kuzipeleka kwa wahitaji bila wewe kulazimika kuwatafuta. Ilikuwa itakuozesha, na mwisho ingekuzika. Na kama ulikuwa mwanakwaya, ilikupa kitu ambacho hakuna anayemwonya mtu anayeondoka kwamba atakipoteza: mazoezi ya Alhamisi jioni, sauti ya nne ikishika kule nyuma, ugomvi wa sare. Nimeona watu waliovumilia kupoteza wokovu wakashindwa kuvumilia kupoteza kwaya.

Kwa kila kazi amua moja kati ya matatu: naiacha, natafuta mbadala, au naendelea kuichukua kulekule. Hilo la tatu watu huliona kama unafiki. Mimi silioni hivyo. Mtu asiyeamini tena ufufuko anaweza kukaa kwenye kwaya akaimba vizuri, mradi mwalimu wa kwaya anajua na hakuna aliyedanganywa.

Kazi ngumu kuliko zote kupatia mbadala ni toba. Ukimkosea mtu, kwenda kwake ukaomba radhi kunatosha. Lakini aliyekosewa akiwa amekufa, au kosa likiwa juu ya nafsi yako, utampelekea nani? Wapo wanaoandika barua wakaichoma. Wapo wanaomtafuta mzee mmoja wanayemwamini, nje ya ukoo, wakamweleza kila kitu. Njia ya pili inafanya kazi kuliko ya kwanza, kwa sababu mzee anaweza kukujibu.

Hatua ya 4: Uliza vya nyumbani kabla ya kuagiza vya nje

Anayetoka kwenye dini kubwa hukimbilia mara nyingi vitu vya mtandaoni: mawe ya bahati, namba za malaika, imani kwamba ukiwaza kitu kitakujia. Kabla hujafika huko, kaa na bibi au babu aliyebaki. Muulize: zamani mvua ikikataa mlifanya nini? Mtoto alipozaliwa, nani alimpeleka nje mara ya kwanza, na alisema maneno gani? Usimuulize "dini yetu ya asili ilikuwa ipi", atakwambia mambo ya Kanisa. Muulize matendo.

Utakuta mengi. Wakikuyu walimwelekea Ngai wakitazama Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na kusali chini ya mti wa mugumo. Wamaasai wana Enkai, na mlima unaotema moto kaskazini mwa Tanzania, Ol Doinyo Lengai, jina lake ni Mlima wa Mungu. Wachaga walimwita Ruwa. Hao wote walisali muda mrefu kabla ya kanisa la kwanza kujengwa bara.

Lakini lipo onyo, na wapenzi wa "kurudi kwenye asili" hawapendi kulisikia. Imani hizo hazikuwa za mtu binafsi. Zilikuwa za ukoo na kijiji, na hakuna aliyejiunga kwa hiari wala kujitoa. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kenya aliyezichunguza kwa miaka mingi hadi kifo chake 2019, alilisisitiza sana hilo: kwa Mwafrika wa jadi, kuwa mtu ni kuwa wa jamii, pamoja na imani na sherehe zake. Nenda kwenye misitu mitakatifu ya Kaya ya Wamijikenda, pwani ya Kenya, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, uone. Kuna wazee, kuna miiko, hukati mti wala huingii upendavyo. Ukifika Kaya Kinondo kama mgeni unafungwa kaniki kwanza. Unaweza kujifunza heshima kwa msitu na kwa waliotangulia. Huwezi kuondoka na Kaya mfukoni.

Vitabu vya wengine waliopita njia hii soma pia, taratibu. Mwanafalsafa Spinoza alifukuzwa na jumuiya yake ya Kiyahudi Amsterdam mwaka 1656, mwandishi Tolstoy akatengwa na Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi mwaka 1901, na wote wawili waliendelea kuandika juu ya Mungu hadi mwisho.

Hatua ya 5: Weka kipimo cha madai

Ukiwa nje ya taasisi huna askofu wala mufti wa kukuambia "huyu ni tapeli". Taasisi, pamoja na maudhi yake yote, huwa na mtu wa kumwita mwenzake kujieleza. Sasa kazi hiyo ni yako.

Wakumbuke waliokwenda Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema Mungu amemwonyesha dawa ya mti, kikombe kimoja shilingi 500. Foleni ya magari ikafika kilomita nyingi porini. Wakristo, Waislamu, wasio na dini, wasomi, viongozi, wote walikunywa. Mzee hakuwa na tamaa ya pesa, bei yenyewe inasema. Lakini wapo waliokuwa kwenye ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, wakaacha dawa kwa kuamini wamepona, na wapo waliofia kwenye foleni. Nia njema ya mwenye dawa haikuwasaidia.

Mwaka 2023 ikaja Shakahola, Kilifi, Kenya: zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, ya watu waliofunga kula ili wakamwone Yesu. Nao walianza kwa kuambiwa watoke kwenye makanisa ya kawaida, waache shule, waache hospitali.

Basi kila fundisho jipya, liwe la nabii, la mganga, la video au la kichwa chako mwenyewe, liulize: Linanitaka niache dawa au chakula? Linanitenga na ndugu zangu? Kuna swali ambalo nikiliuliza naambiwa sina imani? "Ndiyo" moja inatosha kuondoka. Pesa nimeiacha makusudi, kwa sababu matapeli wa siku hizi hawaombi pesa mwaka wa kwanza.

Hatua ya 6: Tendo moja, dogo, la kila siku

Imani isiyo na tendo inageuka maoni, na maoni tunayo ya kutosha. Chagua tendo moja tu. Ukichagua sita, wiki ya pili huna hata moja.

Nitaeleza moja linalofaa huku kwetu. Adhana ya alfajiri itakuamsha uwe Muislamu usiwe, basi itumie. Amka, nawa uso, kaa kwenye kigoda uani au kibarazani kabla hujagusa simu. Dakika kumi zinatosha. Pumua kawaida, hesabu pumzi hadi kumi, anza upya. Mawazo ya ada ya shule yatakuja, rudi kwenye moja. Mwishoni sema kwa sauti ndogo mambo mawili: unachoshukuru tangu jana, na mtu mmoja utakayemtendea jambo leo, kwa jina. Unamwambia nani? Kama jina "Mungu" bado linakujia, liseme. Kama halikuji, sema tu.

Anayependa kutoa aendelee kutoa. Ile sadaka au fungu la kumi usiiache ipotelee kwenye vocha. Iweke bahasha moja kila mwezi na uipeleke mwenyewe: ada ya mtoto wa jirani, bima ya afya ya bibi fulani. Na anayependa kufunga afunge, Ramadhani haina mlinzi getini. Ila mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo na mjamzito amwone daktari kwanza.

Hatua ya 7: Wa nyumbani waambie wewe, mmoja mmoja

Usitangaze kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kule kuna wajomba wenye muda. Na kama bado unakaa kwa wazazi au unalipiwa ada, huna deni la kumtangazia mtu yeyote. Jenga daftari lako kimya hadi ujitegemee. Kwa aliyezaliwa Muislamu jambo ni zito zaidi, kwa sababu neno "kuritadi" likishatamkwa linaweza kugusa ndoa yako na urithi. Kutosema si kusema uongo.

Ukiamua kusema, anza na mzazi mmoja, jikoni au shambani, mikono yake ikiwa na kazi. Mazungumzo huwa karibu na haya:

"Mama, kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa watu."

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana, mama. Kanisani nimepumzika kwanza."

"Umehamia kwa hao wa kupiga kelele usiku kucha."

"Sijahamia popote. Nasali nyumbani."

"Kwa hiyo umekuwa mpagani." Anaendelea kupepeta mchele. "Na mimi nikifa, nani atasimamia misa yangu?"

"Nitasimamia mimi, mama. Nitakaa benchi la mbele, na nyimbo zote nitaimba."

Umeona swali lilipokuwa? Mama hakuuliza juu ya Utatu Mtakatifu. Jibu hilo la mwisho lina uzito kuliko hoja zako zote za daftari, kwa hiyo uwe tayari kulitimiza. Kwenye misiba, harusi, ubatizo na hitima za wenzako nenda, vaa inavyopasa, simama wanaposimama. Ukiambiwa uongoze sala, kataa kwa upole ukamtaje mwingine.

Hatua ya 8: Karatasi

Imani ambayo haijaandikwa popote huzikwa na ukoo. Wakenya wa umri fulani wanaikumbuka kesi ya S.M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alisema marehemu alitaka kuzikwa karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Kesi iliendelea hadi Mahakama ya Rufani, mwili ukisubiri, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya, kama ukoo ulivyotaka. Kinyume chake, Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, alieleza mapema kwamba asizikwe kwenye jeneza la mbao, na mwaka 2011 mwili wake ulichomwa Kariokor, Nairobi, ukiwa ndani ya jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji. Familia yake ilikuwa inajua. Maandishi pekee hayamlazimishi kila mtu, lakini maandishi pamoja na ndugu wawili walioambiwa uso kwa uso yana nguvu.

Kwa hiyo andika wosia. Tanzania, mtu akifa bila wosia, mahakama inaweza kuangalia mtindo wake wa maisha kuamua mirathi ifuate sheria ya Kiislamu, ya kimila au ya serikali, na mashahidi wa mtindo wako wa maisha watakuwa walewale wajomba. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, inasaidia kuandika wosia na kuuhifadhi. Kwa ndoa, ipo ya kiserikali: Sheria ya Ndoa ya 1971 Tanzania, na ya 2014 Kenya, zinaruhusu kufungishwa na msajili baada ya kutoa taarifa ya siku 21.

Halafu jiunge na chama cha kufa na kuzikana cha mtaa, kile kisichouliza dini. Msiba wa uswahilini ni turubai, viti, sufuria, daftari la michango na watu wa kuchimba. Parokia inaweza kukataa kukuzika kwa kuwa hukuonekana jumuiyani. Chama kinaangalia tu kama umelipa na kama ulikwenda kwa wengine. Nenda kwa wengine, ukae hadi matanga yaishe.

Hatua ya 9: Baada ya mwaka, fungua daftari

Soma sehemu zile nne, ubadilishe zinazohitaji kubadilishwa. Huenda ukakuta sentensi imehama kutoka *Siamini tena* na kurudi *Naamini*, na wewe mwenyewe umeanza kupita pale msikitini Ijumaa, au kusimama nyuma ya kanisa. Hakuna ubaya. Ingia. Kama ni kanisani, jiandae tu kwa katibu wa jumuiya: michango ya mwaka mzima ameiandika, na atakuonyesha ukurasa. Omba ulipe kidogo kidogo, huwa wanakubali.